BARUTI HAISOMI KOMPYUTA

Imeingia nchini imani mpya, nayo imekuja imevaa suti. Imani hiyo inasema kwamba tarakimu ikishatoka katika kompyuta basi imekuwa kweli, na kwamba mtu aliyeketi mbele ya kioo chenye mwanga hana haja tena ya mizani, ya kipimajoto wala ya rula. Katika mambo mengi imani hii hugharimu fedha na muda tu. Katika jambo la baruti hugharimu vidole, macho na roho za watu. Kwa hiyo hapana budi ipigwe vita waziwazi, na mahali panapofaa kuanzia vita hivyo ni Mkoa wa Pwani, katika wilaya jirani za Kibaha na Kisarawe, ambako ugonjwa na dawa yake vinaonekana kwa pamoja.

Jambo lenyewe ni hili. Huko Marekani na Ulaya wapo wawindaji na walenga shabaha wengi ambao hawatupi maganda ya risasi walizokwisha kufyatua. Huyaokota, huyasafisha, huyatia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya cha risasi, kisha huyatumia tena. Katika miaka ya karibuni wamepata programu za kompyuta, kama ile ya Kijerumani iitwayo QuickLOAD, ambazo hukadiria yale yanayotokea ndani ya mtutu tangu fataki inapogongwa hadi risasi inapotoka mdomoni: baruti inaungua kwa kasi gani, gesi inapanda hadi shinikizo gani, na risasi inaondoka na mwendo gani. Elimu hiyo ni ya kweli, imesimama juu ya fizikia na hesabu, wala hakuna sababu ya kuidharau. Linalostahili kupingwa ni tabia ya kuchukua makadirio ya programu kabla hayajalinganishwa na kipimo chochote, na kuyaita ukweli.

Ieleweke wazi tangu mwanzo kwamba hapa hapasemwi lolote la kumtia mtu moyo wa kujaza risasi nyumbani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimwachii raia wa Tanzania uhuru wa kujitengenezea silaha wala risasi bila kibali, na ni sheria ya haki. Hoja iliyopo ni kubwa zaidi. Ni hoja ya kwamba taifa lisilopima kwa mkono wake lenyewe litaendelea kuishi kwa kukisia, liwe limeshika jembe au limeshika kompyuta.

Wakisiaji wako wa aina mbili. Wa kwanza ni mkisiaji wa kiganja. Huyu yuko katika vijiji vya Kisarawe, kama alivyo katika vijiji vingi vya nchi hii vinavyopakana na misitu. Analima mihogo na kutunza mikorosho. Usiku nguruwe pori huingia shambani na kufukua mihogo safu kwa safu. Mchana nyani na ngedere hukamilisha kazi iliyobaki. Mkulima huyu hana fedha za bunduki ya kisasa. Anachokijua ni gobole, silaha ya kushindilia kwa mdomo, mara nyingi yenye mtutu uliotokana na bomba ambalo fundi wake hakulitarajia lihimili chochote zaidi ya maji. Kipimo chake cha baruti ni kiganja, na ushahidi wake ni kwamba jana haikupasuka.

Gobole halikudumu mikononi mwa Waafrika kwa bahati mbaya. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, ambao pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa ulizuia silaha za kisasa zisiingizwe katika eneo kubwa la Afrika, kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini. Lakini mkataba huo huo uliacha mlango mmoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Kwa maneno mengine, mabeberu walijitengea wenyewe bunduki iliyopimwa kiwandani, wakamwachia Mwafrika bunduki ya kukisia. Anayelitetea gobole leo kwa jina la utamaduni na ufundi wa wahenga anapaswa kukumbuka ni nani aliyeamua kwamba hicho ndicho kiwango kinachomfaa mtu mweusi.

Mkisiaji wa pili ni mkisiaji wa kioo. Huyu amesoma. Anamcheka yule wa Kisarawe, anamwita mshamba. Yeye anajaza nafasi zilizoachwa wazi katika programu, anabonyeza kitufe, na mbele yake inachomoza michoro ya rangi na tarakimu zenye desimali nne. Kwa kuwa kuna desimali nne, anaamini kwamba kuna ukweli mara nne. Haulizi tarakimu zile zimetoka wapi. Laiti angeuliza, angegundua kwamba naye amepima kwa kiganja; tofauti ni kwamba kiganja ni cha mtu mwingine, tena cha nchi nyingine.

Ni vitu gani ambavyo programu haivijui? Kwanza haijui ganda lililo mkononi. Ndani yake imeandikwa nafasi ya ganda la wastani, lakini maganda ya viwanda mbalimbali hutofautiana unene wa kuta, na ganda lililokwisha kufyatuliwa hutanuka kufuata chumba cha bunduki yake. Nafasi ikiwa ndogo kuliko ilivyoandikwa, gesi ile ile hubanwa mahali padogo zaidi, na shinikizo hupanda kuliko kadiri ya tofauti yenyewe, kwa sababu baruti ya kisasa inapobanwa huungua haraka zaidi, na inapoungua haraka hubana zaidi. Pili, haijui baruti iliyomo katika kopo. Baruti ya jina moja kutoka kiwanda kimoja hutofautiana kati ya toleo na toleo, kama unga wa mahindi unavyotofautiana kati ya msimu na msimu. Tatu, haijui jua la Pwani. Upimaji wa Ulaya hufanywa baruti ikiwa na joto la nyuzi 21 za Selsiasi, ambalo ndilo pia joto linalochukuliwa kuwa la kawaida katika hesabu hizo. Nyuzi 21 katika Kibaha ni baridi ya alfajiri ya mwezi wa Julai. Mchana wa Februari hewa peke yake hupita nyuzi 30, na kitu kilichofungiwa ndani ya gari lililoegeshwa juani huwa cha moto zaidi sana. Aina nyingi za baruti huungua kwa kasi zaidi zinapokuwa na joto. Nne, programu haijui mtutu: umelika kiasi gani, una kutu wapi, umekaza wapi.

Na makosa haya hayatokei mahali pa mchezo. Katika bunduki ya kisasa ya kuwindia, shinikizo hupita mara 3,000 ya shinikizo la hewa tunayovuta, na mambo yote hayo huanza na kumalizika katika muda wa kama sehemu moja au mbili za elfu ya sekunde. Hakuna mtu anayeweza kusema "ngoja kwanza" katikati ya muda huo.

Wale walioijenga elimu hii walilijua jambo hilo. Mwingereza Benjamin Robins alipotoa kitabu chake juu ya kanuni za mizinga mwaka 1742, sifa yake haikutokana na hesabu peke yake. Alining'iniza gogo zito kama bembea, akalifyatulia risasi, akapima umbali ambao bembea ilirudi nyuma, na kwa njia hiyo akapata mwendo wa risasi kwa mara ya kwanza kwa namna ya kuaminika. Makadirio mengi ya wataalamu wa zamani yalivunjwa na bembea ile. Katika karne ya 19 Andrew Noble aliweka vipande vidogo vya shaba katika mizinga ili vibonyezwe na gesi, akasoma shinikizo kutokana na jinsi shaba ilivyobonyea. Leo kazi hiyo hufanywa na fuwele zinazotoa umeme zinapobanwa. Chombo kimebadilika, lakini utaratibu haujabadilika: hesabu hutangulia kubashiri, kipimo hufuata kuhukumu, kisha hesabu hurudi kujirekebisha. Mwenye kuchukua hesabu na kuitupa hukumu hajarithi elimu ya Robins. Amerithi karatasi zake tu.

Dawa ya ugonjwa huu iko Kibaha, na wala haikuagizwa kutoka ng'ambo. Pale Misugusugu, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, Wakala wa Vipimo una kituo cha kuhakiki magari ya kubebea mafuta. Lori huja likiwa na kibao cha mtengenezaji kinachotaja ujazo wa kila chumba cha tangi. Je, wapimaji wanakubali kibao? Hawakubali. Tangi hutiwa maji yaliyopimwa kwa chombo cha kiwango kinachojulikana, hatua kwa hatua, mpaka ujazo wa kweli ujulikane na alama iwekwe. Ni baada ya hapo tu ndipo lori hutoka kwenda kubeba petroli au dizeli. Hapo hapo Misugusugu huhakikiwa pia dira za maji. Hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba kazi ile ni kupoteza muda kwa kuwa kiwanda cha ng'ambo kilikwisha kuandika tarakimu.

Sasa inafaa msomaji ajue jambo linaloweza kumshangaza. Mpimaji makini wa risasi, kabla hajaigusa programu yake, hufanya kitendo kile kile cha Misugusugu. Hulipima ganda tupu lililofyatuliwa na bunduki yake kwa mizani, hulijaza maji mpaka mdomoni, hulipima tena, na tofauti ya uzito humwambia nafasi ya ndani. Tarakimu hiyo ndiyo anayoiandika katika programu badala ya ile iliyowekwa na mtengenezaji. Tangi la lita maelfu na ganda linaloenea kiganjani huhukumiwa kwa hakimu mmoja, naye ni maji.

Baada ya ganda hufuata joto halisi la baruti, kisha urefu na uzito halisi wa risasi, kisha urefu wa mtutu. Kila kinachoweza kupimwa hupimwa. Mwisho kabisa, risasi iliyotengenezwa kwa kufuata kiwango cha usalama kilichothibitishwa na kiwanda cha baruti hufyatuliwa mbele ya chombo cha kupimia mwendo, na jibu la chombo huwekwa kando ya jibu la programu. Yakitofautiana, aliyekosea ni programu. Hapo ndipo kipengele kimoja tu, kile cha kasi ya kuungua kwa baruti ya kopo lile, hurekebishwa kidogo ili hesabu ifuate ushahidi. Huko ndiko kuihakiki programu, wala hakuna njia nyingine inayostahili jina hilo.

Lakini hapa pana mtego, na mtego huu unastahili kulaaniwa kuliko ujinga wa kawaida. Yupo mtu ambaye hajapima ganda, hajapima joto, wala hajapima mtutu. Anapoona jibu la programu halilingani na chombo, huanza kuzibembeleza tarakimu. Anapunguza hapa, anaongeza pale, mpaka karatasi inakubaliana na alichokiona. Kisha anatangaza kwamba amehakiki. Kumbe alichofanya ni kuficha kosa moja nyuma ya kosa jingine. Mwendo umelingana, lakini shinikizo lililouzaa mwendo huo halikujulikana. Na siku atakapobadili risasi au siku jua litakapokuwa kali, makosa mawili yaliyokuwa yakifichana yataachana, na gharama italipwa na mkono wake. Huyu hana tofauti na mfanyabiashara wa lumbesa anayeshona kilemba juu ya gunia la mkaa au la viazi na kulihesabu kuwa gunia moja. Tofauti yao ni kwamba mwenye lumbesa humwibia mkulima, na huyu hujiibia mwenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ingefaa iongezwe kwamba daftari lenye tarakimu za kubuni hupoteza mali na habari pia.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya polisi na wanajeshi, hayamhusu mwananchi. Jibu ni kwamba risasi na milipuko havimwulizi mtu kazi yake. Tarehe 29 Aprili, 2009, maghala ya silaha ya Mbagala yalilipuka. Tarehe 16 Februari, 2011, yakafuata ya Gongo la Mboto, kwenye njia ile ile iendayo Pugu na Kisarawe. Waliokufa, waliopoteza nyumba na waliokimbia usiku wakiwa wameshika watoto mkononi walikuwa raia. Wananchi wanayo haki kamili ya kudai kwamba kila kitu chenye baruti, kidogo kwa kikubwa, kiwe chini ya watu wanaojua kupima na wanaopima kweli.

Wapo pia watakaosema kwamba Wazungu wamekwisha kupima, basi kwa nini taifa maskini lipoteze fedha kurudia kazi yao. Hii ni kasumba, na inafaa iitwe kwa jina lake. Wazungu wamepima hewa yao, baruti yao na mitutu yao. Hawakupima Februari ya Kibaha. Tena wao wenyewe hawaaminiani bila kupimana: mjini London mitutu imekuwa ikijaribiwa kwa sheria tangu karne ya 17, na nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa mwaka 1813, ambako kila mtutu hufyatuliwa kwa shinikizo kubwa kuliko la kawaida kabla haujauzwa. Mwaka 1914, kule Liège, Ubelgiji, ikaundwa tume ya mataifa ya kusimamia majaribio hayo. Kama wao wenye viwanda hawakubali neno la kiwanda, ni unyenyekevu wa namna gani unaomfanya Mtanzania alikubali?

Na wapo watakaouliza, kwa haki kabisa, mkulima wa Kisarawe afanye nini usiku huu wakati nguruwe wako shambani. Swali hili halijibiwi kwa kumwambia asalimishe gobole na kwenda kulala. Mwaka 2023 Serikali ilitoa msamaha kwa wanaosalimisha kwa hiari silaha walizomiliki kinyume cha sheria, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini anayechukua gobole kwa mkono mmoja lazima alete ulinzi wa shamba kwa mkono wa pili. Kifuta jasho kinachotajwa katika kanuni za mwaka 2011 huja baada ya hasara, na mkulima hapandi mihogo ili afutwe jasho. Anataka ofisa wanyamapori anayefika, mwenye silaha iliyopimwa na risasi iliyopimwa, na anataka doria ya kijiji iliyopangwa. Pasipo hayo, mkulima ataendelea kushindilia bomba la maji kwa kiganja, na walimu wa maadili wataendelea kumlaumu kutoka mbali.

Vyombo vya kuifanya kazi hii vipo. Kibaha lipo Shirika la Nyumbu, ambalo wahandisi wake walithubutu kuunda lori la Kitanzania. Morogoro lipo Shirika la Mzinga, lililokabidhiwa kazi ya risasi. Lipo Shirika la Viwango, lililoundwa mwaka 1975, na upo Wakala wa Vipimo pale Misugusugu. Vyombo hivi havikosi majina wala majengo. Kinachodaiwa ni vikae pamoja, na kipimo cha baruti katika joto la nchi hii kiwe kazi ya kudumu yenye daftari lake, badala ya tarakimu zinazoazimwa kwa mtu wa mbali. Vijana wanaosomea uhandisi wafundishwe kompyuta kwa bidii zote, lakini wasipewe alama hata moja kwa jibu la programu ambalo hawakuliweka kando ya kipimo.

Mwaka 1905 wananchi wa Uzaramo, pamoja na ndugu zao wa kusini, waliinuka dhidi ya Wajerumani wakiwa wameambiwa kwamba maji yangezigeuza risasi. Walikuwa na jambo kubwa la kupigania, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka. Lakini waliwajibika kulipa kwa damu gharama ya neno ambalo hakuna aliyelijaribu kwanza. Msomi wa leo anayeamini programu ambayo hakuihakiki hana udhuru waliokuwa nao wahenga. Mizani anayo, kipimajoto anacho, maji anayo.

Ayatumie basi maji hayo kwa kazi inayojulikana Misugusugu: ajaze, apime, aandike. Baruti haisomi kompyuta wala haiheshimu shahada, na itaitika tu kwa aliyeipima.